Salamu Maria ya Mwanangu

Baba yangu alifariki mwezi Julai mwaka 2023, wakati wa kipupwe, upepo ukivuma mchana kutwa na kuacha vumbi juu ya kila kitu, na tulimzika kijijini kwetu wilayani Chamwino. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa katekista, akizunguka kwa baiskeli kutoka kigango kimoja, yaani kanisa dogo la kijijini, hadi kingine kufundisha watu wazima na watoto, kwa hiyo usiku wa mkesha uwanja wetu ulijaa watu waliozipokea sala zao kutoka kinywani mwake. Rozari ilianza baada ya chakula. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili katika shule ya Kikatoliki mjini Dodoma, aliketi mkekani ubavuni mwangu, ameshika rozari ya mbao aliyopewa na babu yake. Kiongozi alisali nusu ya kwanza ya Salamu Maria, na uwanja mzima ukaitikia: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Mwanangu alikuwa kimya. Nilidhani ni usingizi au majonzi. Tulipofika tendo la pili la rozari niliinama nikamwambia aitikie pamoja nasi, naye akaninong'oneza: "Mama, hii siijui. Najua ya Kiingereza."

Mjukuu wa katekista, mwanafunzi wa masista, mtoto anayesali mstarini kila asubuhi kabla ya kuingia darasani, alikuwa ameketi katika mkesha wa babu yake bila maneno ya kusema. Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza watoto wetu hufundishwa nini hasa katika madarasa ya mwanzo ya shule hizi, mafundisho hayo huwaingiaje, na baada ya kuingia hukaa wapi. Ninayoyaandika hapa ni niliyoyaona katika shule moja, pamoja na niliyoyakumbuka kutoka utotoni mwangu, na sidai kwamba kila shule ya Kanisa iko hivyo.

Mimi niliandikishwa darasa la kwanza mwaka 1986, baada ya kupitisha mkono juu ya kichwa na kuligusa sikio la upande wa pili, kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha umri kwa watoto tusiokuwa na cheti cha kuzaliwa. Majengo ya shule yetu yalijengwa na wamisionari, lakini shule yenyewe ilikuwa ya Serikali, kwani Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule za madhehebu na kuziweka mikononi mwa umma ili mtoto wa dini yoyote asome popote. Kilichobaki cha Kanisa ni kipindi cha dini. Siku ya kipindi hicho tuligawanyika: Waanglikana, ambao Ugogoni ni wengi tangu enzi za wamisionari wao wa Mvumi na Kongwa, walibaki darasani, Waislamu walikwenda kwa mwalimu wao, na sisi Wakatoliki tulikaa chini ya mbuyu, ambako baba yangu alikuwa amekwisha kuegemeza baiskeli yake. Alikuwa na katekisimu ndogo iliyoanza kuchanika. Aliuliza swali, akatoa jibu, tukalirudia pamoja, kisha mmoja mmoja, kisha pamoja tena, mpaka mtoto wa mwisho alipolishika. Amri kumi za Mungu, amri za Kanisa, sakramenti saba, sala ya kutubu, Nasadiki: vyote vilituingia kwa sikio na kutoka kwa mdomo, na sikumbuki baba kumtaka mtoto yeyote aeleze maana ya alichokisema.

Nilipokuwa mtu mzima nililiona jambo hilo kuwa kasoro kubwa. Sote tumesikia lawama juu ya elimu ya kukariri, na tumeambiwa mara nyingi kwamba mtoto anapaswa kuelewa kabla ya kutamka, na mimi niliamini hivyo. Nilianza kubadili mawazo nilipokuwa muuguzi mpya, katika zamu ya usiku, nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mama mmoja mzee ambaye hakuwa na ndugu karibu. Aliniomba nisali naye. Nilianza Salamu Maria kwa mazoea, nikafika kwenye maneno "sasa na saa ya kufa kwetu", nikagundua kwamba nimeyasema maelfu ya mara bila kuyasikia, na kwamba kwa mwanamke aliyekuwa mbele yangu nyakati hizo mbili zilikuwa zimekutana. Maneno yale niliwekewa ndani nikiwa na miaka minane, yakangoja miaka kumi na sita. Kama baba angengoja mpaka niweze kuyaelewa ndipo anifundishe, usiku ule ningekuwa mikono mitupu.

Kwa sababu hiyo, mwanangu alipofikia umri wa chekechea, nilitafuta shule ya masista. Mji ulikuwa umekwisha kubadilika. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, nyumba zilipanda katika maeneo yaliyokuwa mashamba ya uwele na zabibu, na shule za binafsi ziliongezeka pamoja nazo, nyingi zikiwa za mchepuo wa Kiingereza. Shule niliyoichagua nayo ilikuwa ya mchepuo huo. Sikulitazama jambo hilo kwa makini wakati ule, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye chumba cha chekechea, na chumba hicho kilinivutia kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiona katika shule.

Masista wale hufundisha watoto wadogo kwa njia ya Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Nilitegemea kukuta watoto wameketi wakiimba herufi mbele ya ubao. Nilikuta chumba kilichotulia, kila mtoto na mkeka wake, kila kifaa mahali pake kwenye rafu ya chini ambayo mtoto anaifikia mwenyewe. Mmoja alikuwa akimimina maji kutoka jagi moja hadi jingine na kupangusa matone kwa kitambaa. Mwingine akifunga na kufungua vifungo kwenye fremu ya mbao. Wa tatu alikuwa akipanga mnara wa waridi, ambao ni vipande kumi vya mchemraba, kikubwa kikiwa na upana wa sentimita kumi na kidogo sentimita moja. Kwenye kona alikaa msichana mdogo akipitisha vidole viwili juu ya herufi iliyokatwa kwenye msasa na kubandikwa kwenye kibao, irabu kwenye vibao vya buluu na konsonanti kwenye vya waridi. Alipitisha vidole kwa kufuata njia ileile ambayo kalamu itapita, akatamka sauti ya herufi, akafumba macho, akapitisha tena. Sista alinieleza kwamba mkono ukiizoea herufi, siku mtoto atakaposhika penseli hataanza upya.

Hesabu pia zilishikika. Shanga moja ya dhahabu ni moja. Shanga kumi zilizotungwa kwenye waya ni fimbo ya kumi. Fimbo kumi zikiungwa pamoja ni bamba la mia. Mabamba kumi yakipangwa juu ya mwenzake ni mchemraba wa elfu, nao ni mzito mkononi. Mwanangu akiwa na miaka mitano alijua kwamba elfu ni nzito kuliko mia kwa sababu alikuwa ameibeba. Mimi nilifika darasa la nne nikiwa ninaandika sifuri tatu bila kuhisi chochote.

Kulikuwa pia na mchezo wa ukimya. Sista alisimama mlangoni, watoto wakaacha walichokuwa wakifanya, wakanyamaza kabisa, wakasikiliza: upepo kwenye mabati, jogoo wa jirani, lori kwenye barabara ya Iringa. Kisha aliwaita kwa mnong'ono, jina moja baada ya jingine, na kila aliyeitwa aliinuka na kumwendea kwa hatua nyepesi bila kugusa kiti. Nimekaa katika makanisa mengi yenye watu wazima wasioweza kunyamaza kwa dakika mbili. Ninaamini kwamba watoto wale walifundishwa sala kupitia mchezo ule kabla hawajafundishwa neno lolote la sala, na kama ningeulizwa ni kitu gani kimoja nisingependa shule ipoteze, ningetaja ukimya huo.

Dini yenyewe ilianza mwilini. Mtoto alifundishwa kuchovya vidole kwenye maji ya baraka na kufanya ishara ya msalaba, paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia, na kwa wiki kadhaa mwanangu alikosea mabega na kurudia tangu mwanzo kwa uzito wa mtu anayefunga hesabu. Alifundishwa kupiga goti la kulia, kukunja mikono, kusimama mgeni anapoingia na kusema "Tumsifu Yesu Kristo", salamu ambayo shule iliiacha katika Kiswahili na ambayo hadi leo mwanangu huitoa kwa kila mtu mwenye vazi la utawa, hata barabarani. Katika Kwaresima walifuata njia ya msalaba kila Ijumaa, vituo kumi na vinne, wakitembea kuzunguka uwanja wa shule. Katika mji huu ibada hiyo ina mizizi ya pekee, kwani Injili ya Kikatoliki ilienezwa hapa kuanzia miaka ya 1930 na Wapassionisti, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Paulo wa Msalaba kwa ajili ya kuyatafakari mateso ya Kristo, na ndiyo maana kanisa kuu la Dodoma, iliyokuwa jimbo tangu mwaka 1953 na kufanywa jimbo kuu mwaka 2014, lina jina la mtakatifu huyo. Walimu walisimulia pia habari za watakatifu, na aliyempendeza mwanangu ni Kizito, kijana mdogo kuliko wenzake kati ya mashahidi wa Uganda waliouawa mwaka 1886 pamoja na Karoli Lwanga. Kulikuwa na Utoto Mtakatifu vilevile, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na kwa sarafu kidogo, na mwanangu alikuwa na kibubu chake.

Baada ya chekechea, mambo yalibadilika kwa namna ambayo sikuiona mara moja. Katika darasa la kwanza vifaa vya mbao vilibaki nyuma, yakaja madaftari, na kila somo likawa kwa Kiingereza, likiwemo somo la dini. Katika shule za Serikali, ambako lugha ya kufundishia msingi ni Kiswahili, madarasa mawili ya kwanza yamejengwa tangu mwaka 2015 juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anayejua kuzungumza Kiswahili ana faida kubwa ambayo hatuisemi vya kutosha: lugha yake huandikwa inavyotamkwa. Akishazijua irabu tano na namna konsonanti zinavyoshikana nazo, akapita kwenye vikwazo vichache vya *ng'* na *ny* na *dh* na *gh*, anaweza kusoma neno lolote, hata asilolijua. Ukimpa neno "thumuni" atalisoma sawasawa na kuuliza ni kitu gani. Mwanangu alikuwa akijifunza kusoma lugha ambayo herufi moja ina sauti nne na sauti moja ina herufi tano, tena lugha ambayo nyumbani haisemwi. Katikati ya darasa la pili aliweza kusoma ukurasa mzima wa kitabu chake cha Kiingereza kwa sauti nzuri, lakini nilipomfungulia barua ya shangazi yake iliyoanza na maneno "Mpendwa wangu", alikwama kwenye neno la kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha *m* na *p* zikisimama pamoja mwanzoni mwa neno.

Nilisema tu kwamba atajifunza baadaye. Niliamini Kiswahili kitakuja chenyewe, kama vile maziwa yanavyoganda bila mtu kuyasimamia. Kisha ukaja mkesha wa baba.

Sitaki kuutia chumvi usiku ule. Hakuna aliyemwona mwanangu isipokuwa mimi, na kabla rozari haijakwisha alikuwa amekwisha kulala kwenye khanga yangu. Lakini nilipoyasikia maneno "saa ya kufa kwetu" yakitoka katika vinywa mia kwa ajili ya mtu aliyetufundisha kuyasema, nilielewa kwamba kile nilichokuwa nimekwenda kukitafuta kwa masista, yaani maneno yanayowekwa ndani mapema ili yangoje, mwanangu alikuwa amewekewa kwa lugha ambayo hakuna mtu wa ukoo wake atakayelia kwayo. Mungu anasikia Kiingereza, na Mkatoliki wa London hufa vizuri na sala zake. Ninayemwonea huruma ni mtoto aliyepewa sala asizoweza kuzishiriki na bibi yake, kwa sababu sala za kukariri zina faida hii kubwa kuliko zote, kwamba watu wengi huweza kuzisema pamoja bila kupatana kwanza. Ukiondoa umoja huo, kinachobaki ni zoezi la kumbukumbu.

Mwaka uliofuata alianza darasa la tatu, na pamoja nalo mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, ambayo hutanguliwa na kitubio. Sheria ya Kanisa humhesabu mtoto aliyetimiza miaka saba kuwa ana matumizi ya akili, na tangu mwaka 1910, Papa Pius wa Kumi alipoagiza kwamba watoto wasicheleweshwe hadi ujana, kinachotakiwa hasa ni mtoto aweze kutofautisha Ekaristi na mkate wa kawaida na kumpokea Kristo kwa heshima kadiri ya umri wake. Hivyo darasa la tatu ni mwaka ambao watoto hufundishwa kazi ngumu ambayo watu wazima wengi hatukuwahi kuimudu, yaani kukaa kimya, kuyapitia matendo yako, na kuyataja kwa majina yake. Sista wa katekesi aliwaelekeza waandike kwenye karatasi, wajiandae kwayo, kisha waichane baada ya kuungama.

Karatasi ya mwanangu niliiona ndani ya daftari la hesabu nilipokuwa nikikagua kazi zake. Sikupaswa kuisoma, na nilimwomba radhi baadaye. Ilikuwa na mistari minne. Alimdanganya dada yake kuhusu biskuti. Alimsukuma mwenzake kwenye foleni ya uji. Alikojoa kitandani. Alikuwa wa ishirini na tatu.

Mstari wa tatu ulikuwa umekatwa kwa rula. Nilipomuuliza, alinieleza, kwa utaratibu wa mtu aliyefundishwa vizuri, kwamba Sista amewaambia dhambi ni kitu unachojua kwamba ni kibaya na ukakifanya kwa kutaka, na kwamba mtu aliyelala hataki chochote, kwa hiyo si dhambi, ni bahati mbaya tu, na mtoto haombi msamaha kwa bahati mbaya. Nilishukuru sana kusikia hayo. Nimewahudumia watu wa miaka sitini wanaojilaumu kwa magonjwa yao, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwapa tofauti hiyo. Mafundisho ya Kanisa juu ya kujua na kukubali, ambayo vitabuni huonekana kuwa makavu, yalikuwa yamemtoa mtoto wangu katika aibu ya miaka miwili.

Lakini mstari wa nne haukukatwa. Wa ishirini na tatu ni nafasi aliyoshika katika mtihani wa muhula, darasa lenye watoto arobaini na mmoja. Shule hupanga watoto kwa namba tangu darasa la kwanza, hubandika orodha ukutani karibu na sanamu ya Mama Bikira Maria, na huwaita kumi wa mwanzo mbele ya mstari wapigiwe makofi. Mwanangu alikuwa ametumia kipimo alichopewa na Sista, kujua na kutaka, akaona kwamba kukojoa kitandani hakumo, lakini kuhusu namba hakuwa na hakika, kwa sababu alijua kwamba ni mbaya, na labda hakutaka vya kutosha kuwa wa kwanza. Hivyo ndivyo alivyonieleza. Nilikaa naye kwenye ngazi ya jikoni mpaka giza likaingia, tukizungumza, mwishowe akachukua rula.

Katika kikao cha wazazi cha muhula uliofuata nilisimama nikasema mambo mawili: kwamba sala zifundishwe kwa Kiswahili, angalau zile tunazosali pamoja katika jumuiya na misibani; na kwamba watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wasipangwe kwa namba. Niliwaeleza habari ya mkesha. Habari ya karatasi sikuieleza, kwa kuwa ni ya mwanangu. Mzazi mmoja, mtu mstaarabu ambaye nilijua anabana matumizi ili kulipa ada, alinijibu kwamba Kiswahili mtoto anakipata bure mtaani, Kiingereza ndicho alichokilipia, na kila saa inayoondolewa kwake ni fedha yake. Mwingine alisema kwamba bila namba mzazi hatajua kama mtoto anasoma au anacheza. Wengi waliafiki. Sikuwaona kuwa wabaya. Wao pia walikuwa wakiwatakia watoto wao wema, na baadhi yao walipokuwa wanafunzi walikwama kidato cha kwanza kwa sababu ya Kiingereza ambacho hawakuwahi kufundishwa sawasawa.

Sista mkuu wa shule alisikiliza mpaka mwisho. Alitukumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulisema wazazi ndio walezi wa kwanza, na akaniuliza, kwa upole lakini mbele ya wote, mtoto wangu husali na nani jioni. Swali hilo lilikuwa la haki. Mimi na mume wangu tulikuwa tukirudi usiku, na sala za jioni tulikuwa tumeziacha shuleni pamoja na uji na michezo. Baba alinifundisha chini ya mbuyu kama alivyowafundisha watoto wengine, lakini kila jioni alinirudia nyumbani, na mimi nilikuwa nimeukumbuka mbuyu tu.

Kilichoamuliwa ni kwamba sala ya Malaika wa Bwana ya saa sita mchana na rozari ya mwezi Oktoba zitasaliwa kwa Kiswahili. Somo la dini limebaki kwa Kiingereza, na namba zimebaki ukutani, ingawa orodha imehamishiwa upande wa ofisi. Nimeomba nafasi ya kulizungumza tena suala la namba mwakani, na safari hii nitaanza na walimu wa chekechea, kwa sababu katika chumba chao sijaona mtoto hata mmoja akiulizwa amekuwa wa ngapi katika kumimina maji.

Nyumbani tulianza upya na Salamu Maria, mimi nikitangulia na yeye akirudia, kwa mtindo uleule wa baba. Aliishika kwa siku tatu. Kwa kuwa aliijua tayari kwa lugha nyingine, alifanya jambo ambalo sisi wa mbuyuni hatukulifanya, akaanza kuuliza maneno. Aliuliza neema ni nini, nikajaribu kumweleza. Aliuliza mzao ni nini, nikamwambia ni kilichozaliwa, kama yeye alivyo mzao wangu na mimi mzao wa babu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama babu naye alifundishwa sala hiyo na mama yake kwa Kiswahili.

Nilimwambia hapana. Mama yake babu hakujua Kiswahili zaidi ya salamu za sokoni. Alisali kwa Kigogo, na baba alipokuwa mgonjwa sana, katika siku zile za mwisho, nilimsikia mara mbili akisali hivyo, kwa sauti ndogo, maneno ambayo niliutambua mdundo wake lakini sikuweza kuyafuata. Mwanangu aliniomba nimsomee hiyo ya Kigogo. Nilimjibu kwamba siijui.

Shangazi yangu mkubwa anaijua. Yuko Chamwino, ana miaka themanini na moja, na tumekubaliana kwamba tutakwenda kwake baada ya mavuno, mwanangu na mimi, na daftari.